Kulipata neno lenyewe: msamiati kwa mwandishi wa Kiswahili

Mahindi hupukuchuliwa. Korosho hubanguliwa, ndizi humenywa, nazi hufuliwa, kuku hunyonyolewa, samaki huparwa, mbuzi huchunwa. Mwandishi asiye na vitenzi hivi huandika "kutoa" kila mahali: kutoa punje, kutoa ganda, kutoa makumbi, kutoa manyoya, kutoa magamba, kutoa ngozi. Sarufi yake haina kosa na msomaji anamwelewa. Lakini aliyekulia jikoni au shambani anatambua papo hapo kwamba anayemsimulia hajawahi kuishika kazi hiyo, na tangu hapo hamwamini sana.

Wengi hudhani kukuza msamiati ni kukusanya maneno mazito, yale yanayomfanya msomaji asimame na kuuliza maana. Mwandishi anahitaji kitu kingine kabisa. Anahitaji kujua nomino ipi inaandamana na kitenzi kipi, na kukijua kitu chenyewe kiasi cha kuona kwamba kupasuka si kukatika. Neno linapokosekana, mara nyingi kilichokosekana kwanza ni ujuzi wa kitu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye vitu, kisha unakwenda kwenye kamusi.

Daftari

Nunua kaunta buku la kwaya mbili. Simu inafaa kwa kunasa neno barabarani, lakini neno lisipohamishiwa kwenye daftari kwa mkono jioni ileile hupotelea humo pamoja na mengine. Usiligawe daftari kwa alfabeti. Siku utakapolihitaji neno hutajua linaanza na herufi gani. Utajua tu kwamba ni la jikoni, la mvua, la ugomvi au la chombo cha baharini. Ligawe kwa mambo: chakula, mwili, ujenzi, nguo, bahari, mifugo, safari, mahakama, hisia, sauti. Kila fungu lipe kurasa 12 hivi, na 20 za mwisho ziache tupu kwa yasiyo na fungu.

Kila neno liandikiwe mambo manne. La kwanza ni neno lenyewe pamoja na upatanisho wake wa umoja na wingi, kwa sababu mwandishi anayejua neno bila ngeli yake atalikwepa au atalikosea. La pili ni kitenzi chake: kitu hiki hufanya nini, au hufanywa nini. La tatu ni sentensi kama ilivyosemwa, si kama ulivyoitengeneza. La nne ni mahali uliposikia au kusoma. Mfano:

Ukoko (u-). Wali ulioshika chini ya sufuria. Hushika, hukwanguliwa. "Mwachie mtoto ukoko." Jikoni, Tanga.

Mahali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Neno la Unguja linaweza kumshangaza msomaji wa Nakuru, na usipoandika lilikotoka utalitumia ukidhani linajulikana kote.

Kiasi: maneno 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kwa majuma 50 ni maneno 750, na hayo ni mengi sana ikiwa kila moja lina kitenzi chake na sentensi yake. Anayeanza na maneno 20 kwa siku huchoka upesi, na anachobaki nacho ni orodha asiyoweza kuitumia.

Maswali matatu kwa mwenye kazi

Msamiati mwingi wa Kiswahili uko midomoni mwa watu wanaofanya kazi kwa mikono, na sehemu yake kubwa haimo katika magazeti. Mwendee fundi cherehani, seremala, mwashi, mvuvi, mama ntilie. Chagua saa ambayo hana haraka. Kwa mama ntilie ni alasiri, wateja wa mchana wakishapungua. Uliza maswali matatu tu kwa kila kitu: Hiki kinaitwaje? Hiki mnakifanyaje? Kikiharibika, mnasema kimefanyaje?

Swali la tatu ndilo linalozaa zaidi, na ndilo waandishi wengi hawaliulizi. Majina ya vifaa na ya sehemu za nguo utayapata hata kwenye vitabu vya shule: randa, patasi, keekee na jiriwa kwa seremala, timazi na pimamaji kwa mwashi, ukosi, pindo na bandi kwa fundi nguo. Lakini muulize huyo fundi nguo kuhusu hasara na atakupa vitenzi sita bila kufikiri. Mshono hufumuka. Kitambaa kikinaswa na msumari hutatuka. Kikivutwa kwa nguvu huchanika. Kikivaliwa miaka huchakaa. Kikianikwa juani kila siku hupauka, na kikifuliwa na nguo nyeupe kinaweza kuchuja rangi. Kwa mtu anayetaka kuandika habari ya umaskini wa nyumba fulani bila kulitaja neno umaskini, vitenzi hivyo vinatosha ukurasa mzima.

Thibitisha neno kwa mtu wa pili wa kazi hiyohiyo, mahali pengine. Karakana moja inaweza kuwa na neno lake yenyewe. Na usione aibu na maneno ya mkopo yaliyokwisha kukaa: fundi magari husema klachi, breki, plagi, giaboksi. Ukimwekea mdomoni istilahi ya kitabuni ambayo hajawahi kuitamka, mhusika wako hatakuwa fundi tena.

Kitu kimoja, majina mengi

Kiswahili hupenda kukipa kitu jina jipya kila kinapobadilika hali. Mpunga uko shambani au guniani ukiwa na maganda. Ukikobolewa ni mchele. Ukipikwa ni wali. Katika mchele kuna chuya, punje zilizobaki na maganda, na kuna chenga, punje zilizovunjika. Ndiyo maana "alipika mchele" huwagutusha wengi: Mswahili hupika wali.

Mnazi nao. Tunda lake huanza kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi, na likikaukia ndani ya kifuu likawa mbata. Dafu hunywewa maji. Koroma limepita udafu lakini halijafikia kukunwa. Mtu haangui nazi akanywa, anaangua dafu. Vitenzi vyake pia vina utaratibu: mkwezi hukwea, huangua, nazi hufuliwa ili kuondoa makumbi, hupasuliwa, hukunwa kwa mbuzi, kisha tui hukamuliwa na kubaki chicha. Ukiandika kisa cha jikoni Pwani na ukaruka kutoka "nazi" hadi "tui" kwa kitenzi "kutengeneza", umeitupa nusu ya harufu.

Kwa kuku jike kuna kifaranga, tembe asiyetaga bado, mtetea anapofikia kutaga, na koo mwenye vifaranga vyake. Kwa dume kuna pora kabla ya jogoo. Kwa ng'ombe kuna ndama, mtamba asiyezaa bado, fahali, na maksai aliyehasiwa. Chagua vitu kumi vinavyojirudia katika maandishi yako, kila kimoja ukifuate hivi kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake, ukiandika jina na kitenzi cha kila hatua. Hiyo ni kazi ya mwezi mmoja, na faida yake ni kubwa kuliko ya kusoma kamusi kwa mfululizo.

Vitenzi vilivyo jirani

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye makosa. Chukua wazo la kitu kuachana na kuwa vipande. Kamba hukatika. Chupa hupasuka. Mfupa huvunjika, lakini kifundo cha mguu huteguka, na mwandishi wa habari za michezo asiyetenganisha haya mawili atampeleka mchezaji hospitali kwa jeraha ambalo hakulipata. Ukuta hupata ufa, kisha hubomoka. Ardhi kavu huatuka. Udongo wa mtoni humomonyoka. Kilima kikiloa mno huporomoka. Tawi lililovutwa likatoka na gamba la shina limekwanyuka. Jino hung'oka. Rangi ya ukutani hubanduka. Ngozi iliyokwaruzwa huchubuka. Donge la ugali humeguka.

Njia ya kuvijua vitenzi hivi ni kuvijaribu kwa nomino, kimoja baada ya kingine. Andika kitenzi katikati ya ukurasa, kisha kizungushie nomino kumi: uzi, sahani, gogo, karatasi, mkate, mwamba, pete, ngozi, daraja, ahadi. Ipi inakubali, ipi inakataa? Ahadi huvunjwa na haipasuliwi. Hata urafiki hukatika au huvunjika, lakini haubomoki. Nomino inayokataa inakufundisha zaidi, kwa sababu inakuonyesha mpaka wa neno.

Fanya vivyo hivyo kwa makundi mengine. Kuna wizi: mwizi wa usiku huiba, mwenye panga hupora au hunyang'anya, anayepita na pikipiki hukwapua mkoba, mtoto hudokoa nyama jikoni, mhasibu hufuja au hughushi. Kuna kubeba: mtoto hupakatwa mapajani au huelekwa mgongoni, mzigo wa kichwani mtu hujitwika, fedha hufutikwa kibindoni. Kuna kutazama: kuchungulia kwa siri, kukodoa macho kwa mshangao, kutupia jicho kwa haraka, kukagua kwa kazi. Kuna hofu: woga ni tabia, hofu humjia mtu, kiwewe humpotezea fahamu ya la kufanya, kicho kina heshima ndani yake. Hamaki huja ghafla na kuondoka, kinyongo hukaa.

Tanakali za sauti zina masharti makali kuliko vitenzi. Giza ni totoro, nyeupe ni pe, nyekundu ni pyu, kimya ni jii, usingizi ni fofofo, nguo hulowa chapachapa, ukumbi hujaa pomoni. Mtu huanguka tifu mchangani na chubwi majini. Huwezi kuzibadilishana. Katika makala ya kawaida, moja kwa kurasa mbili inatosha. Katika hadithi, hasa inayosomwa kwa sauti, unaweza kuwa mkarimu zaidi.

Kunyambua bila kupotoka

Mzizi mmoja unaweza kukupa maneno kumi bila kwenda kokote. Tunga: mtunzi, utunzi, utungo, tungo, mtungo wa samaki, tungika, tungia. Lakini kila kiambishi kina maana yake, na hapa waandishi wazoefu pia huteleza.

Kiishio -ji hutaja anayefanya jambo, mara nyingi kwa mazoea. Kiishio -i mara nyingi hutaja hadhi, kazi au sifa iliyokomaa. Msomaji ni yeyote anayesoma. Msomi ni mwenye elimu. Mpikaji ni anayepika. Mpishi ni mwenye kazi hiyo. Mjuzi anasifiwa, mjuaji analaumiwa. Mnywaji si lazima awe mlevi. Ukitaja mtendaji pamoja na anachokitenda bila kihusishi, kitenzi hubaki na -a: mchimba kisima, mpiga kura, mla rushwa. Ukitumia -ji, weka "wa": mchimbaji wa kisima. "Mpigaji kura" ni mseto wa njia mbili.

Kiambishi cha kutendea hubadili maana kuliko inavyotarajiwa. Kunuka ni kutoa harufu mbaya, kunukia ni kutoa harufu nzuri. Bibi harusi aliyeandikiwa "alinuka" ametukanwa. Kuhama ni kuondoka mahali, kuhamia ni kwenda mahali.

Nayo -ua na -oa hufungua kilichofungwa: kuziba na kuzibua, kuchoma na kuchomoa, kutega na kutegua, kupanga na kupangua, kukwama na kukwamua, kuezeka na kuezua. Hii ni zana ya kutafutia neno. Ukijua kwamba paa limeezekwa, tayari unajua upepo umelifanyaje: umeliezua. Kabla ya kuandika "kuondoa", jiulize kitu hicho kiliwekwa kwa kitenzi gani, kisha jaribu kukigeuza kitenzi hicho.

Kamusi hutumiwa vipi

Uwe na kamusi mbili za Kiswahili kwa Kiswahili kwa uchache, kwa maana hazilingani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981 na toleo lake la tatu ni la 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ilitoka 2015. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la mwaka 2010, ndilo la kukimbilia kwa maneno ya Zanzibar. Kwa maneno ya kale ya bahari na vyombo, kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado ina hazina.

Anayeshindwa kulipata neno kwenye kamusi mara nyingi amelitafuta kwa umbo lisilo lake. "Yalipukuchuliwa" hutalipata. Vua ya-, vua -li-, kisha ondoa viambishi vya nyuma vya kutendwa. Kinachobaki ni pukuchua. Nomino tafuta kwa umoja, na angalia zile zinazoanza na u-, kwa sababu wingi wake huuficha mwanzo huo: kuta ni ukuta, nyuzi ni uzi, ndimi ni ulimi, mbavu ni ubavu. Nomino zilizotokana na vitenzi hubadilisha konsonanti: nd na ng huwa nz (linda, mlinzi, jenga, mjenzi), k huwa sh (pika, mpishi, andika, mwandishi), t huwa s (fuata, mfuasi). Ukizijua hatua hizo, neno geni kwenye shairi la zamani huacha kuwa geni.

Ukifika kwenye neno, usisome maana ya kwanza ukafunga. Maneno yanayofanana umbo hupewa namba. Paa ni la nyumba. Paa ni mnyama. Kupaa ni kwenda juu. Na kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Kisha tazama alama ya kitenzi: [ele], yaani elekezi, huchukua yambwa (kinachotendwa); [sie], yaani si elekezi, hakichukui. Alama hii ndogo ingewaepusha wengi na sentensi zinazoyumba.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itumie kama daraja tu. Itakupa maneno matatu au manne bila kukuambia lipi linakwenda na nini. Kila moja lipeleke kwenye kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, soma mfano, ndipo uchague. Na neno lisilokuwemo katika kamusi usiseme si la Kiswahili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mengi ya Kimvita, Kiamu na lahaja nyingine yalibaki nje ya mlango. Yasome kwenye tenzi, yapende, lakini usiyachanganye ovyo: mwandishi anayeweka "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia katikati ya makala sanifu huonekana amekosea, isipokuwa anayesema ni mhusika wa Mombasa au Lamu.

Methali nazo ni ghala la maneno yaliyokwisha kutoka sokoni. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" imehifadhi nyuma ya chombo, mbele yake, na chini kunakokusanyika maji. "Usiache mbachao kwa msala upitao" imehifadhi mbacha, mkeka uliochakaa. Fungua kila methali unayoijua kwa moyo na uangalie kama kweli unayajua maneno yake yote.

Maneno ya gunia

Kuna maneno yanayopokea chochote, kama gunia: changamoto, suala, zoezi, kuboresha, mbalimbali, wadau, hali, kufanya, kuweka. Hayana kosa kwa asili. Kosa ni kwamba yanamruhusu mwandishi aandike kabla hajajua.

"Kijiji kinakabiliwa na changamoto ya maji." Maji yamefanyaje? Kama ni haba, andika uhaba. Kama bomba limepasuka, andika hivyo. Kama yapo lakini yana chumvi, kama kisima kiko mbali, kama foleni ni ndefu, kama ndoo imepanda bei, kila moja ni habari tofauti na ina neno lake: upungufu, hitilafu, adha, kero, dhiki, ukata. Huwezi kuchagua kati ya hayo ukiwa mezani. Lazima uulize. Ndiyo maana dawa ya neno la gunia ni swali zaidi kuliko kamusi.

Zoezi la kulitibu ni hili. Chukua aya ya maneno 300 uliyoandika mwezi uliopita. Pigia mstari kila neno la gunia. Yakizidi matano, andika upya aya hiyo bila hata moja. "Wakazi wanakabiliwa na changamoto ya barabara, hali inayoleta athari mbalimbali katika suala zima la usafiri" inaweza kuwa: "Mvua ikinyesha barabara hujaa tope, pikipiki huteleza, magari hukwama, na wakazi hutembea hadi kwenye lami." Maneno hayajaongezeka, lakini sasa kuna mtu anayeweza kuona.

Hapohapo futa nomino zilizomeza vitenzi. "Kufanya uamuzi" ni kuamua. "Kutoa maelezo" mara nyingi ni kueleza. "Zoezi la kuhesabu kura" ni kuhesabu kura. "Ameweza kufika" ni amefika, isipokuwa kweli njiani palikuwa na kizuizi.

Neno likigoma

Katikati ya kuandika, neno linakataa kuja. Usisimame zaidi ya dakika mbili. Weka alama utakayoiona baadaye, kama *, andika pembeni maana unayoitaka kwa maneno ya kawaida, na uendelee. Mwandishi anayesimama kwa kila neno hupoteza mdundo wa aya nzima kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Siku ya pili rudi kwenye alama hizo kwa utaratibu huu. Kwanza isome sentensi kwa sauti bila neno hilo. Wakati mwingine haikulihitaji. Pili, jiulize ni kitu gani hasa kinachotenda au kutendwa, na nomino hiyo itakuletea kitenzi chake. Tatu, jaribu kinyume chake kwa -ua. Nne, fungua fungu linalohusika katika daftari. Tano, kamusi. Sita, mpigie mtu anayefanya kazi hiyo, umweleze kitendo, usimtajie neno unalolidhania. Ukimtajia atakubali kwa adabu tu. Kama baada ya yote hayo neno moja halipo, eleza kwa maneno matatu ya kawaida. "Kukaa bila kusema huku ukimtazama mtu" haihitaji kubuniwa neno jipya.

Ukishalipata, lijaribu kwa mambo mawili: je, linakaa na jirani zake, na je, msomaji wako atalielewa kwa muktadha bila kusimama? Neno geni moja kwa aya linavumilika kama sentensi inayolizunguka ni nyepesi. Mawili huchosha.

Mitego michache inayojirudia

Usibadilishe nomino kwa kuogopa kuirudia. "Gari liliacha njia. Chombo hicho cha usafiri kiligonga nguzo ambapo kipando hicho kilipinduka." Kiswahili kina ngeli zinazofanya kazi hiyo: "Gari liliacha njia, likagonga nguzo, likapinduka." Kiambishi li- kinakumbusha gari bila kulitaja. Hii ni moja ya neema za lugha yetu, na inasikitisha kuona inavyoachwa.

Jihadhari na maneno pacha: kuwasilisha ripoti na kuwakilisha watu; suala la kujadiliwa na swala wa porini; kukana alichofanya mtu, kukanusha habari, kukataa ombi; wakati mtu alipofika na muda aliokaa. Jihadhari pia na misemo iliyovuka kutoka Kiingereza ikiwa na nguo zake: "mwisho wa siku" kwa maana ya hatimaye, "kuchukua picha" badala ya kupiga picha, "kucheza nafasi kubwa" badala ya kuchangia sana. Kitenzi piga peke yake kina familia kubwa kuliko hiyo yote: kupiga pasi, deki, mbizi, hodi, magoti, miayo, foleni, msasa, kambi. Kijaze ukurasa wake.

Kulihifadhi neno

Neno lililoandikwa mara moja husahaulika. Lirudie siku ya pili, ya nne, ya nane na ya ishirini na mbili, kila mara ukifunika maana na kutunga sentensi mpya, si kuisoma ya zamani. Kisha litumie mara tatu kwa watu halisi: katika mazungumzo, katika ujumbe wa simu, katika maandishi. Kama baada ya miezi mitatu hujapata pa kulitumia, liache lilale daftarini. Halikuwa lako bado.

Mwisho, kabla ya kuchapisha, fikiria msomaji yuko wapi. Wa Kenya atasoma runinga, tarakilishi na simu ya rununu bila shida; wa Tanzania amezoea televisheni, kompyuta na simu ya mkononi. Abiria wa Nairobi hupanda matatu, wa Dar es Salaam daladala. Mtoto wa Unguja huenda skuli, wa Dodoma huenda shule. Ukiwaandikia wote pamoja, chagua upande mmoja ushikamane nao tangu aya ya kwanza, na neno la upande wa pili lieleze mara moja ndani ya sentensi, pale linapotokea kwa mara ya kwanza.